Mkwe Asiye na Watu

Mzee Alphonse alivaa suti. Alikuwa ameambiwa wazi kwamba anakwenda kusimama kwenye uwanja wenye theluji, nje ya mji, na kwamba avae nguo nzito na viatu visivyopitisha maji. Naye akavaa suti yake ya kijivu, ile ya kusimamia arusi, akakaza tai, kisha akalitupia koti juu yake kama mtu aliyelazimishwa kubeba mzigo wa jirani.

"Kama naenda kudharauliwa," alisema mbele ya kioo cha sebuleni kwake Fittja, pembeni mwa Stockholm, "nidharauliwe nikiwa nimevaa vizuri."

"Nani kasema utadharauliwa, Baba Gaëlle?" aliuliza mkewe, Mama Colombe, huku akimtoa uzi begani.

"Mtu ananialika porini badala ya kuja kwangu na wazee wake. Hiyo ndiyo heshima?"

Gaëlle alikuwa mlangoni, chupa ya chai mkononi, na kila neno lilimfikia. Angejibu nini, na yeye mwenyewe hakujua wanakwenda kuona nini? Alichojua ni kwamba alikuwa amempa baba yake neno lake. "Njoo uone kwa macho yako, Baba," alikuwa amemwambia. "Ukirudi nyumbani na aibu, sitalitaja tena jina la Bethuel katika nyumba hii."

Hapo alikuwa amekunja mikono na kuinua kidevu, vilevile anavyokunja na kuinua baba yake. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Bethuel alikuwa amemkuta kazini. Gaëlle alikuwa mwongoza wageni katika jumba moja la sanaa katikati ya Stockholm, na majira hayo ya baridi, mwaka mmoja nyuma, jumba lilikuwa limeleta kazi za wasanii wa Moscow wa miaka ya sabini na themanini. Watu hao hawakuruhusiwa kuonyesha kazi zao popote. Basi wakazitundika majumbani mwao, jikoni, hata kwenye mlango wa friji. Wengine walipanda treni na marafiki zao hadi mashambani, wakasimama kwenye theluji, wakangoja, na mtu akatokea mbali, akapita, basi. Hilo lilikuwa onyesho zima. Kwao wazo ndilo lililokuwa kazi, na rangi na fremu walimwachia anayezitaka.

Siku moja Gaëlle alimaliza kuzungumza Kiswahili na mama yake kwa simu, akageuka, akamwona mwanamume mrefu, rangi ya maji ya kunde, amesimama mbele ya picha moja ya watu kwenye uwanja mweupe. Alikuwa amesimama pale muda mrefu mno. Akamsogelea, akamwuliza kwa Kiswidi kama angependa kuelezwa.

"Hapana, asante," mwanamume akamjibu kwa Kiswahili. "Lakini mimi naweza kukueleza. Yule mtoto aliyebebwa begani, mwenye kofia inayomfunika macho, unamwona?"

"Namwona."

"Ni mimi."

Gaëlle alitazama picha, akamtazama mtu, akarudi kwenye picha. Alikuwa ameieleza picha ile kwa wageni wengi hadi akadhani anaijua. Na macho yale yaliyokuwa yamefunikwa na kofia, sasa yalikuwa wazi mbele yake, yakimtazama bila haraka yoyote. Ndugu msomaji, mapenzi ni kikohozi. Msichana alirudi Fittja jioni hiyo, na mama yake alijua kabla hajavua koti.

Baba yake Bethuel alikuwa Mkenya wa Kapsabet aliyekwenda Moscow kusomea utabibu wa mifugo, akaoa huko Mrusi. Wawili hao walikuwa wageni wa kila wiki katika nyumba ya mama mmoja, Rimma, ambaye jikoni mwake ndimo wasanii walimoonyesha kazi zao. Watu waliogopa kufungua milango siku hizo. Lakini Mkenya yule hakuweza kugonga tu kama mtu asiye na adabu, alibisha kwa sauti, "Hodi!" Warusi hawakujua maana yake, ila walijua kwamba anayesema hivyo ni wa kwao, na mlango ulifunguliwa.

Kisha baba akafa, mama akafuata, na Rimma ndiye aliyemleta kijana Stockholm. Kule Kapsabet hapakuwa na aliyemtafuta. Kiswahili cha baba yake alikinoa jikoni kwa Mama Mueni, Mkamba wa Upplands Väsby aliyempangisha chumba alipokuwa akisomea ualimu, kisha akasahau kabisa kwamba yule ni mpangaji.

Sasa mwambie hayo Mzee Alphonse, mwalimu mstaafu wa Uvira, baba wa binti wa kwanza!

Bethuel alikuja Fittja kujitambulisha wakati wa Noeli, peke yake, na keki. Alikalishwa kwenye kiti kilichotazamana na viti vyote. Shangazi Laurentine, dada yake Mzee Alphonse, alikaa karibu kabisa na kijana ili asipitwe na neno.

"Kijana, unafanya kazi gani?" Mzee Alphonse alianza.

"Ni mwalimu wa shule ya msingi, mzee. Na pia ni msanii."

Kwa neno la ualimu Mzee Alphonse alilegea kidogo. Kwa neno la pili akakaza tena. "Unachora?"

"Sichori, mzee."

"Unachonga?"

"Sichongi."

"Alors? Sasa unafanya nini?"

"Huwa naalika watu mahali fulani. Wanasimama, wanangoja, wanaona kitu kidogo. Wakirudi kwao, kile walichongoja na kile walichoona, ndiyo kazi yenyewe."

"Mama weee!" Shangazi akashika kichwa. "Batu wanasimama tu? Kwa baridi hii? Na wanarudi tena siku ingine?"

Gaëlle hakuvumilia. "Shangazi, si mchezo. Ina mizizi. Karibu miaka mia iliyopita, Mrusi mmoja alichora mraba mweusi, hakuna kingine, akautundika juu pembeni mwa chumba, pale ambapo Warusi hutundika picha takatifu."

Mzee Alphonse aliinua macho hadi pembe ya sebule yake, ilipotundikwa picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. "Pale?"

"Pale pale, Baba."

"Na mama yake alikuwa hai?"

Nicole, mdogo wake Gaëlle, alicheka hadi akamwaga juisi. Bethuel naye alicheka, na Gaëlle akampenda zaidi kwa kicheko kile kisicho na kinyongo.

"Alitaka watu waanze upya kuona," Gaëlle aliendelea, mashavu yakimwaka. "Baadaye akachora mraba mweupe juu ya kitambaa cheupe. Hawa wa Moscow waliokwenda kusimama kwenye theluji ni kama wajukuu zake."

"Mweupe juu ya mweupe!" Mzee Alphonse akapiga goti. "Nani ataona?"

"Anayengoja, mzee," Bethuel akajibu taratibu.

Jibu lile halikumfurahisha mzee, kwa sababu lilikuwa zuri. Akaanza kulalamika juu ya siku hizi. Wakwe wa siku hizi, alisema, wanapanda lifti, mlango unafunguka, tayari wako puani mwako. Kwao, milimani juu ya Uvira, wenye kuposa walionekana toka ng'ambo ya bonde. Baba yake alisimama uani, akawatazama wakishuka, wakipotea, wakipanda, mposaji nyuma kabisa. Alikuwa anausoma mwendo wao. Kufika kwao alishajua kama ni watu au si watu.

"Na wewe," alimalizia, "watu wako wako wapi?"

"Wazazi wangu wamefariki, mzee."

"Pole sana. Wajomba? Baba wadogo?"

"Sina wa kumleta."

Mzee Alphonse alishusha kikombe. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. "Mtu ni watu, kijana. Siku binti yangu akilia, nitampigia simu nani? Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini simtoi mtoto wangu kwa mtu asiye na watu."

Haikupita muda, familia ya Sébastien, fundi wa lifti kule Norsborg, ikaja kumwulizia Gaëlle. Walijaa sebule hadi wengine wakakaa barazani kwenye baridi, na Shangazi Laurentine aliwasifu mwezi mzima. Gaëlle aliona kamba inamkaza. Akaenda kwa Bethuel na shauri ambalo watu wengi wa Stockholm wamelitumia, nao wameoana na wanaishi vizuri tu.

"Tutaazima wazee," alimwambia, wamesimama nje ya stesheni ya Fittja. "Kuna mzee mmoja wa parokia anakubali kuwa baba yako mdogo. Anajua kuongea. Siku moja tu, Bethuel."

Bethuel alimtazama kana kwamba amempiga kofi. "Unataka nikodi baba?"

"Nataka unioe! Kila mtu anafanya hivyo."

"Wacha wafanye. Mimi nilikuwa na baba. Alibisha hodi Moscow ambako hakuna aliyejua hodi ni nini. Sitamweka mtu mwingine kwa kiti chake ndio nipendwe na baba yako."

"Kwa hiyo kiburi chako ni kikubwa kuliko mimi?"

"Na wewe, unanionea aibu?"

Treni ilikuja, Bethuel akapanda, na Gaëlle akabaki na hasira yake. Siku zilipita bila simu wala ujumbe. Mwanzoni alijiambia kwamba kijana ni mkaidi. Baadaye, akiwaeleza wageni ile picha ya uwanja mweupe, alimtazama mtoto mwenye kofia, na sauti ikamkatika katikati ya sentensi. Kuonea aibu! Ndiyo, alikuwa amemwonea aibu, mbele ya zulia na makochi ya Fittja. Na mtu yule hakuwa na jambo hata moja la kuonewa aibu.

Ndipo ujumbe ukaingia. "Jumamosi mchana, Upplands Väsby. Mje wote. Mzee akikataa kila kitu kingine, mwombe asikatae kungoja kidogo. Nakupenda." Basi.

Na ndivyo Gaëlle alivyotoa lile neno lake.

Safari ilikuwa ya kununa. Treni ya chini ya ardhi hadi mjini, kisha ile ya kwenda kaskazini. Shangazi Laurentine, ambaye alivaa viatu vya kisigino kwa sababu hakuna aliyemwambia yeye binafsi, alizungumza peke yake kwa wote. Nicole aliziba masikio na nyimbo zake. Mama Colombe alimshika Gaëlle mkono chini ya mkoba, bila kumtazama, na hakuuachia hadi waliposhuka.

Walitembea kupita nyumba za mwisho, njia ikawa ya miguu, miti ikaisha. Uwanja ulikuwa mbele yao, mweupe, ukionekana tambarare, na upande wa pili msitu mweusi wa misonobari. Karibu na njia palichomekwa kijiti chenye kitambaa chekundu. Hapo ndipo walipaswa kusimama, nao wakasimama.

Hapakuwa na mtu.

"Bon," alisema Mzee Alphonse. "Tumefika. Mwenyeji yuko wapi?"

"Tungoje, Baba."

Wakangoja. Gaëlle akamimina chai, wakanywa. Kunguru mmoja alipita, wote wakamwangalia hadi alipotua, maana ndilo jambo pekee lililotokea.

"Ile ilikuwa sanaa?" Shangazi aliuliza. "Ama ile ilikuwa kunguru?"

"Men det är ju själva grejen, faster," Nicole alisema. "Man väntar."

"Sema Kiswahili," baba yake akamkemea, "angalau nikusikie ukikosea."

"Nasema hiyo ndiyo yenyewe. Ni kungoja."

"Kungoja nilikujua kabla hujazaliwa. Nilingoja kambini, nikangoja karatasi, nikangoja basi. Sikuwahi kuambiwa mimi ni msanii."

Mama Colombe alicheka kwa sauti ndogo. Gaëlle hakucheka. Macho yake yalikuwa msituni. Aliijua aina hii ya kazi. Alijua kwamba kule Moscow mara nyingine watu walisimama, na kilichotokea kilikuwa kidogo kiasi kwamba ungeweza kupiga chafya kikakupita. Vipi kama Bethuel atawaonyesha uwanja mtupu? Vipi kama hilo ndilo jibu lake, kwamba sina mtu, tazameni, huu ndio ukoo wangu? Yeye Gaëlle angeelewa. Angelia, lakini angeelewa. Baba yake angeona dharau, na neno lilikuwa limekwisha kutolewa.

Baridi ikapanda kwenye soli. Shangazi alianza kurukaruka juu ya visigino vyake. Hatimaye Mzee Alphonse alimaliza chai, akarudisha kikombe, akafunga kifungo cha juu cha koti.

"Nimengoja," alisema. "Nimetimiza. Mama Gaëlle, twendeni nyumbani."

Akageuka. Shangazi akageuka haraka kuliko yeye. Gaëlle hakusogea.

"Gaëlle."

"Mimi nabaki, Baba."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana ukiona aibu. Bado hujaona kitu. Nilimwonea aibu mtu huyu mara moja, Baba, na sijapata usingizi mzuri tangu siku ile. Sitarudia. Hajawahi kunialika mahali akakosa kutokea. Nikiganda, nigande. Mtanikuta hapa."

Baba na binti wakatazamana, videvu viwili vimeinuliwa. Mama Colombe, ambaye ameishi na videvu hivyo miaka yote, alikuwa ametazama pembeni kwa kuchoka, na ndiyo sababu aliona wa kwanza.

"Alphonse," alisema polepole. "Tazama kule."

Pale msitu ulipokutana na theluji palikuwa na nukta. Halafu mbili. Halafu nyingi. Zilikuwa ndogo mno, huwezi kusema ni watu au ni visiki. Kisha visiki vikaanza kutembea.

Waliotoka msituni walikuja kwa mstari, polepole, kwenye theluji iliyowafika magotini. Wakashuka mahali uwanja ulipozama, wakapotea wote. Wakapanda tena, vichwa kwanza, kisha mabega. Sasa walikuwa wakubwa zaidi na rangi zao zikaonekana. Mbele mama mnene mwenye beseni kichwani, limefunikwa kitambaa cha maua. Nyuma yake mwanamume aliyevuta kigari cha watoto cha kutelezea, juu yake kreti za soda. Wengine na mabunda ya vitenge, wengine na watoto. Katikati kikongwe mmoja wa Kizungu, kofia ya manyoya, fimbo mkononi.

Gaëlle alimtambua, akaziba mdomo. Ni Bibi Rimma, ambaye daktari alimkataza hata ngazi za nyumba yake.

Mzee Alphonse hakuwa tena na haraka ya kwenda. Alikuwa amefungua kile kifungo cha juu cha koti. Akaiweka tai sawasawa. Na Gaëlle, aliyesimama karibu naye, alimsikia akisema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu aliyekufa zamani.

"Yule mama wa mbele anajua anakokwenda. Hatazami miguu. Yule wa kigari si mzoefu wa theluji, lakini hajaacha mzigo. Kikongwe amechoka, na hataki kushikwa. Vizuri. Vizuri sana." Akakaza macho. "Na kijana yuko wapi?"

"Nyuma, Baba. Wa mwisho kabisa."

"Hapo ndipo mposaji anapokaa," alisema Mzee Alphonse. "Nani alimfundisha?"

"Wewe," Gaëlle akajibu, machozi yakimshuka bila yeye kuyaomba. "Siku ya Noeli, ulipokuwa unalalamika. Sisi wote tulikuwa tunakula keki. Yeye alikuwa anasikiliza."

Wageni walikaribia hadi nyuso zikasomeka, halafu wakasimama. Hawakuja mbele. Kati yao na familia palibaki kipande cha theluji ambacho hakijakanyagwa na mtu. Yule mama mnene, Mama Mueni wa Väsby, akashusha pumzi, akashika beseni lake kwa mkono mmoja, akapaza sauti.

"Hodi!"

Sauti ilikwenda hadi msituni. Shangazi Laurentine aliangalia kulia na kushoto. "Hodi ya wapi? Hapa hakuna nyumba."

"Wamebisha, Baba," Gaëlle alisema.

"Wamebisha wapi?"

"Kwako."

Mzee Alphonse hakujibu. Taya lake lilikuwa linacheza. Kila mtu pale, kutoka Kapsabet hadi Uvira, alijua kwamba hodi ni tatu. Isipoitikiwa ya tatu, mwenye adabu hushika njia akarudi alikotoka. Mwanamume wa kigari, Bwana Mohamed wa Tanga, mwalimu mwenzake Bethuel, akatoa ya pili, ndefu na ya upole kama kwao. "Hodi jamani, wenyewe!"

Theluji ilikaa kimya. Gaëlle alimtafuta Bethuel kwa macho juu ya vichwa vya watu wote, akampata. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa baridi na alikuwa na hofu, alionekana waziwazi ana hofu, lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka. Gaëlle hakupunga mkono. Alimtazama tu, na kwa jicho lile akamwambia yale yote aliyoshindwa kumjibu pale stesheni. Najivunia wewe. Hata Baba akikataa sasa hivi, najivunia wewe.

Kikongwe aliondoa fimbo kwenye theluji, akaikita upya. Sauti yake ilikuwa nyembamba na neno lilitoka na mikwaruzo ya Kirusi, lakini hakulikosea. Alikuwa amelisikia kwenye mlango wake mara nyingi.

"Khodi!"

"Nani anabisha?" aliuliza Mzee Alphonse, na sauti ya darasani, ile iliyokuwa ikifika dawati la mwisho, ikamrudia.

Wakajibu kwa pamoja, wakubwa na watoto, kwa lafudhi zao zote.

"Ni sisi! Watu wa Bethuel!"

Basi mzee yule alifanya jambo ambalo Nicole hadi leo anajilaumu kwamba hakulipiga picha. Alinyanyua kiatu chake cheusi kilichopigwa rangi kwa ajili ya kudharauliwa, akakichomeka kwenye theluji, na akaanza kukiburuta. Alikwenda mbele, akakata kona. Alipita nyuma ya mkewe, nyuma ya dada yake, akakata kona tena. Suruali ya arusi ililowa hadi magotini. Alizunguka familia yake yote hadi mstari ukakaribia kukutana na mwanzo wake, na hapo, upande unaotazama wageni, akaacha nafasi ya mtu kupita. Gaëlle alitazama chini, akauona: pembe nne, kazi ya mguu wa baba yake, mraba mweupe juu ya mweupe.

Mzee Alphonse akasimama kwenye ile nafasi, akahema, akanyoosha mikono yote miwili.

"Karibuni," alisema. "Karibuni nyumbani."

Vigelegele vya Mama Colombe viliwarusha kunguru wote wa Väsby. Mama Mueni akajibu kwa vyake, beseni na yote. Wakaja. Wa kwanza kuingia alikuwa Bibi Rimma. Alipofika mlangoni alisimama, akakung'uta buti moja, akakung'uta la pili, kisha ndipo akaingia. Aliuangalia mstari kwenye theluji, akazunguka nao kwa macho pembe zote, akamnong'oneza Gaëlle kwa Kiswidi.

"Anasema nini?" Mzee Alphonse aliuliza.

"Anasema jikoni kwake Moscow hakikuwahi kutundikwa kitu kizuri kama mraba wako."

"Mwambie mimi ni mwalimu. Sichori. Hii ni nyumba." Lakini alikuwa amevimba kifua hadi kifungo cha suti kilikuwa kinalia.

Watu waliingia, wakabanana, wakasalimiana, beseni likatuliwa katikati. Mwisho akabaki Bethuel, peke yake nje, miguu ndani ya theluji, kofia mkononi. Alimwinamia mzee kidogo, kama inavyompasa, na hakuvuka.

Mzee Alphonse alimtazama kutoka juu hadi chini, hana haraka. "Ulisema huna wa kumleta."

"Sikuwa na wa kumleta, mzee. Niliwaambia tu kwamba nakuja kusimama hapa peke yangu, ili unione nilivyo. Wakasema hawawezi kuniacha nije peke yangu. Hii si kazi yangu. Ni yao."

Mzee akakohoa, kwa namna ya mwanaume anayeficha jambo.

"Sasa unangoja nini huko nje? Mkwe hagandi mlangoni. Ingia."

Bethuel akakung'uta viatu, akaingia. Hakukuwa na nafasi, kwa hiyo alijikuta amesimama bega kwa bega na Gaëlle, na vidole vyao vikakutana chini ya makoti, mbele ya wazee wote, bila mtu kuona. Mama Colombe aliona, akatazama pembeni.

"Ulichelewa," Gaëlle alinong'ona.

"Theluji ilikuwa nyingi. Ulikuwa unaenda?"

"Wote walikuwa wanaenda. Mimi nilibaki."

"Najua. Nilikuona toka msituni. Ulikuwa nukta moja, haisogei."

Nicole, aliyeona kreti za soda zimebaki kwenye kigari nje, aliruka ule mstari wa nyuma kwenda kuchukua. Sauti ya Shangazi Laurentine ikamkamata hewani.

"Weye Nicole! Unapita kwa ukuta? Nani alikulea? Rudi, upite mlangoni!"

Nicole akamtazama shangazi yake, akamtazama baba yake, akaona hakuna anayecheka. Akarudi ndani, akapenya katikati ya watu wa Bethuel, akaomba radhi, akapita mlangoni.